Hali: Poa

Bi Hesabu hakuwa mtu wa kubahatisha. Jina lenyewe alipewa kazini, kwa sababu ukimwambia leo mvua itanyesha atakuuliza umeipima mara ngapi. Alikuwa mtakwimu katika taasisi inayochunguza maradhi ya figo, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha lisilofungika sawasawa na kompyuta mbili zinazonguruma mchana kutwa. Miaka kumi na minne alikaa humo akitafuta kitu kimoja tu, nacho ni alama. Aliamini kwamba ndani ya damu ya mtu mna kitu kinachotangulia ugonjwa, kama vishindo vya miguu vinavyosikika barazani kabla mgeni hajabisha hodi. Ukikitambua mapema, utamwahi mtu kabla figo zake hazijachoka.

Usidhani alikitafuta ili apigiwe makofi. Mama yao alikufa kwa figo, yeye akiwa na miaka kumi na sita na mdogo wake, Kitinda, akiwa na tisa. Maradhi yale yalikuwa yakizunguka ndani ya ukoo wao, yakimruka huyu na kumshika yule bila kutoa sababu. Watu wa nyumbani walimwogopea zaidi Kitinda kwa kuwa amefanana na mama hadi kucha, ingawa mtakwimu yeyote atakwambia kuwa kucha si hoja. Kila miezi sita Kitinda alikwenda kliniki kupimwa, na wiki nzima kabla ya siku hiyo alikuwa hafai. Ni fundi cherehani hodari, lakini katika wiki kama hiyo aliwahi kumshonea bwana harusi suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Kwa hiyo siku Bi Hesabu alipomwambia, "Wewe huna, mdogo wangu, nimeona kwa macho yangu," hayo yalikuwa maneno makubwa kuliko yote aliyopata kumwambia mtu. Na hapo ndipo lilipo kosa lake, nami sitamfunikia.

Tuanze na damu yenyewe. Miaka ishirini na miwili nyuma, baba yao alikuwa fundi wa maabara katika hospitali ile ile ambako mama alilazwa. Wakubwa wake walimpa kazi ya kukusanya damu za wagonjwa wa figo na ndugu zao, watu mia tisa na kumi, na kuzihifadhi kwa ajili ya siku ambayo ujuzi utakuwa umekua. Aliwatoa damu mmoja mmoja, akaizungusha kwenye mashine, akaigawa katika vichupa vidogo na kuvipanga ndani ya jokofu la barafu kali. Wakati huo hakuna aliyejua zitafanyiwa nini. Yeye alisema damu haiozi ikitunzwa, na mwenye subira hula mbivu. Hakuzila. Alifariki miaka mitano kabla ya mashine mpya kuletwa, zile ambazo kwa tone moja husoma protini elfu tatu.

Siku vichupa vilipotolewa Bi Hesabu alishuka maabara bila kazi yoyote ya kumpeleka huko. Alisimama pembeni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Alitaka kuona mwandiko tu. Saba za baba zilikuwa na mshipi kiunoni, na tisa zake zilikuwa na mkia mrefu uliopinda kushoto, na wino wa namba zile haukuwa umefifia hata kidogo. Akakumbuka Jumamosi ambazo baba aliwachukua kazini, yeye na Kitinda, akawakalisha kwenye viti virefu visivyo na mgongo, akawaonyesha chembe za damu kwenye hadubini. Mikono yake ilinuka spiriti hata siku za mapumziko. Alikuwa na kidude cha chuma cha kubonyeza, cha kuhesabia chembe, na alimpa binti yake mkubwa akibonyeze huku yeye akitazama na kutamka: moja, moja, moja, hapana hiyo si yetu, moja. Hesabu za shuleni zilikuwa za vitabuni. Za baba zilikuwa za watu, na aliyekosea moja alirudia zote. Bi Hesabu aliikumbuka raha ile, akamwomba radhi fundi wa maabara wa sasa, akapanda juu.

Mashine ilipomaliza kusoma, kazi ikawa yake. Sehemu hii wengi huumbuka. Ukiuliza maswali elfu tatu kwa mkupuo, majibu mia na hamsini yatakushangilia kwa bahati tu, kama vile umati ukirusha sarafu hakosekani mmoja atakayepata kichwa mara kumi mfululizo, akajiona mganga. Bi Hesabu aliwajua waganga wa namna hiyo. Alikaza kamba, akaikaza tena, akaondoa athari za umri, unene na jinsia, hadi protini zote zikaanguka isipokuwa moja.

Hiyo moja ilisimama peke yake, juu kabisa. Wazima walikuwa nayo tele na wagonjwa walikuwa nayo kidogo. Maabara nzima wakaipa jina la Mlinzi, kwa kuwa ilionekana kuwalinda waliokuwa nayo. Profesa, mkuu wao, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alisema kwa miaka thelathini hajaona kitu kama hicho. Kulikuwa na jambo moja tu lililokataa kukaa sawa. Walikuwa wamesoma na vinasaba pia, vile tunavyorithi kwa wazazi, na kwa kawaida protini inayohusika na ugonjwa wa ukoo haikosi kinasaba cha kuiitikia. Safari hii vinasaba vilinyamaza kimya. Bi Hesabu aliliona hilo. Akaandika kwenye ripoti kuwa huenda idadi ya watu ni ndogo mno, akaendelea. Neno "huenda" limewafunika watafiti wengi kuliko blanketi.

Sheria ya kazi yao ni kwamba mtakwimu huona namba, haoni watu. Majina yalifungiwa kwingine. Lakini Kitinda alikuwa bado na kikadi ambacho baba alimpa siku ya kutolewa damu, akakihifadhi pamoja na picha za shule, na juu yake paliandikwa 417, ile saba yenye mshipi. Bi Hesabu alikijua kikadi kile kama anavyojua sura yake. Alasiri moja, wenzake wakiwa wameteremka kunywa chai, akaandika namba hiyo kwenye kompyuta. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Jibu likatokea. Kati ya watu mia tisa na kumi, hapakuwa na mwenye Mlinzi mwingi kumshinda 417.

Hakungoja hata muda wa kutoka ufike. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha ushonaji, akamkuta mdogo wake na pini mdomoni, akamwambia. Kitinda alizitema pini mkononi, akauliza mara tatu kama ana uhakika, akacheka, akalia, kisha akamfukuza mteja aliyekuwa akisubiri kupimwa kiuno. Tangu jioni ile alilala kama mtoto. Alinenepa. Akaanza kusema habari za mwakani na mwaka wa tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Na siku ya kliniki ilipofika hakwenda. Kadi ya kliniki aliitia ndani ya droo ya vifungo, na kila Bi Hesabu alipotaka kumkumbusha, ulimi ulimwia mzito. Atamwambiaje mtu aende kupimwa kitu ambacho yeye mwenyewe kamhakikishia kuwa hana?

Ikapita miezi minane. Profesa akaandaa siku ya kutangaza, ikawa Ijumaa, na katika picha za kuonyesha akataka ukurasa mmoja wa madaftari ya zamani, watu waone kazi ilivyoanza kwa kalamu. Akamtuma Bi Hesabu stoo achague ukurasa mzuri. Nani mwingine, alisema, na mwandiko ni wa mzee wako.

Sasa naomba tuwe wakali kidogo. Mwanamke huyu, asiyekubali mvua bila vipimo, alikuwa hajawahi kuyafungua madaftari yale. Makarani wawili waliyanakili kwenye kompyuta mwaka wa kwanza wa utafiti, wakamkabidhi jedwali safi, na safu ya mwisho ilikuwa na sifuri na moja tu: sifuri kwa mzima, moja kwa mgonjwa. Mafaili ya madaktari yalikuwa yameozeshwa zamani na bomba lililopasuka ghalani, kwa hiyo hapakuwa na kwingine kwa kulinganisha. Alikula chakula asichouliza kimepikwa vipi. Ukimuuliza angesema alikosa nafasi. Nadhani aliogopa kuukuta mwandiko ule kurasa mia mbili mfululizo.

Madaftari yalikuwa matano, ya jalada gumu la bluu, yamefungwa kwa bendeji ya hospitali badala ya kamba. Aliketi juu ya boksi la karatasi, akafungua la kwanza. Baba alikuwa amechora safu kwa rula: namba, umri, saa ya kutoa, saa ya kuhifadhi, hali. Akasahau habari ya ukurasa mzuri, akawa anasoma tu, polepole, mtu baada ya mtu. Mahali pengine palikuwa na duara la kikombe. Mahali pengine kalamu ilikuwa imegoma, naye akaijaribu pembeni kwa kuandika herufi za kwanza za majina ya binti zake, mara nyingi, hadi wino ukaja. Bi Hesabu alilia kidogo hapo, bila sauti, na hakuona haya kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Kisha macho yakashuka kwenye safu ya hali. Moto. Moto. Poa. Moto. Poa. Poa. Moto.

Akacheka. Baba, kuandika poa? Mzee yule alikuwa na ugomvi na neno hilo. Vijana wa mtaani walipomwitikia "poa" alisimama njiani, begi kwapani, akawauliza kilichopoa ni nini, chai? Aliwaambia mtu huwa mzima au huwa mgonjwa, na kinachopoa ni kitu kilichotolewa jikoni kikaachwa mezani. Nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Kitinda alilitamka mara moja akiwa na miaka saba, akapewa somo la nusu saa.

Kicheko kikamkatikia. Alirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma saa. Saa mbili na dakika tano kutoa, saa mbili na dakika ishirini na tatu kuhifadhi: moto. Mstari wa tatu, saa mbili na robo kutoa, saa tatu na dakika ishirini kuhifadhi: poa. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Hali haikuwa hali ya mtu. Ilikuwa hali ya damu. Iliyowahishwa kwenye barafu ikiwa bado na joto la mwili aliiandika moto, na iliyokaa mezani hadi ikapoa, siku umeme ulipokatika au watu walipozidi, aliiandika poa. Alikuwa akiandika kasoro, maskini, kwa uaminifu, ili atakayekuja baadaye ajue. Na makarani wawili, vijana wa siku hizi, walisoma kama ambavyo kijana yeyote angesoma. Mwili moto, huyo ana homa, ni mgonjwa, andika moja. Hali poa, huyo yuko poa, andika sifuri.

Alitafuta 416, msichana wa miaka kumi na sita. Huyo ni yeye, aliyetolewa damu kabla ya mdogo wake. Hali: moto. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa imemsajili mgonjwa wa figo muda wote huo, naye hupanda ngazi mbili mbili. Hakuweza hata kutabasamu.

Siku mbili alizitumia kuingiza saa zote kwenye kompyuta, namba kwa namba, akikataa kumpa karani yeyote. Kisha akachora. Chini aliweka dakika ambazo damu ilikaa mezani, pembeni akaweka kiasi cha Mlinzi. Nukta mia tisa na kumi zikapanda kwa mstari, zimenyooka kama mshono wa Kitinda. Damu ikiachwa mezani, chembe zake huchoka na kumwaga vilivyomo ndani, na Mlinzi hakuwa mlinzi wa mtu. Alikuwa kile kilichomwagika. Vinasaba vilinyamaza kwa kuwa havikuwa na la kusema. Kinasaba hakibadiliki kwa kuachwa mezani. Mashine ilipima kwa usahihi mkubwa, hesabu za Bi Hesabu hazikuwa na doa, na vyote viwili vilikuwa vimekesha vikijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza: mzee alichelewa kwa muda gani?

Nukta moja ilikaa mbali, juu kabisa kulia, peke yake. Namba 417, umri miaka tisa. Kutoa, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kuhifadhi, saa sita na dakika ishirini na tano. Hali: poa. Dakika mia moja tisini na tano. Aliyemfuata alikuwa na tisini tu.

Huyo hakuwa baba anayemjua. Baba anayemjua aligombana na watu kwa ajili ya dakika kumi. Bi Hesabu mwenyewe siku ile alipomaliza kutolewa damu alipanda wodini kukaa na mama, kwa hiyo hakuona kilichofuata. Aliyeona alikuwa mtu mmoja tu, muuguzi waliyemwita Mama Sindano tangu utotoni, ambaye sasa amestaafu na anaishi na bintiye nyuma ya uwanja wa shule. Bi Hesabu akamwendea Alhamisi mchana. Bibi alikuwa amekaa uani akikunja shuka zilizokauka. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi, na kabla hajauliza alishapewa ncha mbili za shuka ashike.

Mama Sindano aliikumbuka siku hiyo bila kuitafuta. Alisema mama yao alikuwa amehamishiwa wodi ya juu asubuhi ile, ile ambayo watu wazima walijua hairudishi mtu, na mtoto alikuwa amewasikia madaktari wawili wakizungumza kwenye korido bila kutazama chini. Alichomwa sindano asilie. Baba alipokuwa akibandika karatasi kwenye kichupa, mtoto akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza siku ya likizo, kwamba na yeye atakufa lini.

"Basi baba yako akaweka chini kila kitu," Mama Sindano alisema. "Akambeba. Wakaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, pale panapoanikwa nguo za wodi. Mtoto akamlalia begani, usingizi ukamchukua. Nilikwenda kumwita mara mbili, watu wamejaa, damu iko mezani. Alitikisa kichwa tu. Hakutaka hata kuongea asije akamwamsha."

Mama Sindano hakujua kuiendesha ile mashine ya kuzungushia damu, kwa hiyo alikaa na kuitazama saa. Mzee aliporudi, alimshauri aandike robo saa, nani atajua? Akamjibu kuwa damu ya mwanawe hataiandikia uongo. Wakamaliza kukunja shuka. Bibi akamsifu kwa kulinganisha ncha vizuri, akamuuliza Kitinda hajambo, na Bi Hesabu akasema hajambo. Neno hilo lilimchoma njia nzima.

Alikwenda kwanza kwa Profesa. Alimwekea mchoro mezani, na daftari likiwa wazi kando, akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho. Profesa alivaa miwani, akaivua, akauliza maswali matatu ya maana na la nne lisilo na maana. Halafu akatazama saba zenye mshipi. Alisema wataahirisha Ijumaa, na kwamba aibu ya leo ina nafuu kuliko aibu ya mwakani. Alikuwa mtu mzima, na alilipokea kama mtu mzima. Bi Hesabu angeweza kuondoka hapo na heshima yake yote. Badala yake akaongeza kwamba aliwahi kufungua namba ya mdogo wake, na kwamba alimwambia. Profesa akamwangalia kwa huzuni kuliko hasira. Barua ikaandikwa: miezi sita asiguse majedwali ya watu. Aliitia sahihi, akaomba ruhusa, akatoka.

Kibanda cha ushonaji kilikuwa na joto la pasi. Kitinda alikuwa akitia kola kwenye shati, amenenepa kweli, anaimba kwa pua. Alimwona dada yake mlangoni saa ambayo si yake, akaondoa mguu kwenye pedali.

Bi Hesabu alikuwa amejiandaa njiani na maneno laini, yakamkimbia yote. Alisema tu kwamba ile namba aliyomwambia haikuwa ya figo. Akaeleza daftari, na hali, na poa, na makarani, na wakati mwingine Kitinda angecheka hadi kushika mbavu. Hakucheka. Alisikiliza huku akizungusha kifungo kimoja mezani kwa kidole.

"Kwa hiyo sijui," alisema mwishowe. "Niko vile vile nilivyokuwa."

"Uko vile vile."

"Miezi minane, dada. Kliniki sikwenda, kwa neno lako."

"Najua."

"Ungeniacha na hofu yangu. Nilikuwa nimeizoea. Sasa nitaanza upya kuizoea."

Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Bi Hesabu akalia, amesimama katikati ya vipande vya kitambaa, mtu mzima wa miaka thelathini na minane. Aliomba radhi. Kitinda hakusema amemsamehe. Alivuta droo ya vifungo, akachakura hadi chini, akaitoa kadi ya kliniki, akaifuta kwa kiganja na kuiweka juu ya cherehani ambapo ataiona.

"Sasa hiyo namba ilikuwa ya nini, kama si ya figo?" aliuliza bila kumtazama. "Kwa nini yangu ikawa kubwa kuliko ya watu wote?"

Bi Hesabu akafuta uso. Akamwambia habari za ngazi za nyuma, na nguo zilizoanikwa, na Mama Sindano aliyekwenda kuita mara mbili. Akamwambia dakika mia moja tisini na tano. Akamwambia kwamba baba hakuthubutu hata kuongea, kwa kuwa yeye alikuwa amelala, na hakutaka kumwamsha.

Kitinda aliacha kukizungusha kifungo.

"Sikuwa nimelala," alisema. "Alikuwa na kalamu kwenye mfuko wa koti, ikinichoma hapa shavuni, muda wote ule. Nilifumba macho tu. Nilijua nikiyafumbua ataniweka chini, arudi kazini."